Magari Yasiyosikika

Siku injini ya dizeli ilipowashwa tena katika jiji la Lusangali, watu walitoka majumbani wakidhani kuna jambo limetokea. Waliokuwa jikoni waliacha masufuria, mafundi cherehani walitoka na futi zao shingoni, na mteja mmoja wa kinyozi alisimama barazani kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. Landrova la kijani lilikuwa likipanda Barabara ya Chai taratibu, likikohoa na kutoa moshi, na mlio wake ukirudi kutoka kwenye kila ukuta. Waliokula chumvi nyingi walicheka na kupunga mikono. Watoto waliziba masikio.

Tusekile Mwampamba alikuwa amekaa mbele, kando ya dereva, amepakata mashine ya kupimia sauti. Alikuwa mhandisi katika Idara ya Utulivu ya jiji, na yeye ndiye aliyeomba kibali cha kuliwasha gari lile kwa siku moja. Mwenye gari, mzee Ambokile, aliyekuwa akilitunza kwenye jumba la makumbusho, aliliendesha kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa ujana wake. Alilazimika kupaza sauti ili asikike, na kwa kuwa watu wa Lusangali walishazoea kusema kwa upole, kila alipomaliza kusema jambo aliomba radhi.

Lusangali lilikuwa jiji la kwanza nyanda za juu kupiga marufuku injini za mafuta. Mabasi, malori na pikipiki, vyote vilikwenda kwa umeme, na vigari vya mizigo vilivyokuwa vikisambaza mikate, maziwa na dawa mitaani havikuwa hata na dereva. Wageni kutoka Dar es Salaam walishuka stendi wakiongea kama walivyozoea, kisha wakajikuta wameshusha sauti wenyewe, kama mtu aliyeingia mahali watu wanasali. Ndege walirudi kwenye mikaratusi ya katikati ya jiji. Wauguzi wa wodi ya watoto wachanga walisema watoto wanalala na kuongezeka uzito. Tusekile mwenyewe ndiye aliyepima tofauti hizo, mtaa kwa mtaa, na alijivunia kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

Kisha Mwalimu Gwakisa akafa. Alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya wasioona iliyo juu ya mlima, naye mwenyewe haoni. Alitoka getini na fimbo yake, kama alivyotoka kila siku kwa miaka mingi, na kigari cha mikate kikarudi nyuma kutoka upande wa pili wa barabara. Kilikwenda polepole mno, polepole kiasi kwamba hakikutoa sauti. Vipimo vyake vya kuona watu vilikuwa vimezibwa na tope, na Gwakisa hakujua kama kipo hadi kilipomwangusha. Alipiga kichwa kwenye ukingo wa mfereji.

Baraza la jiji likataka majibu. Ndiyo sababu Landrova likawashwa, ili vipimo vya gari la mafuta na gari la umeme vichukuliwe mahali pamoja, mbele ya watu wale wale. Na ndiyo sababu asubuhi ile Tusekile alimsindikiza mumewe, Lwitiko, kwenye basi la kwenda kwa dada yake huko mashambani. Alimwambia barabara yao itachimbwa na mitambo itapiga kelele kutwa. Hakumtajia Landrova.

*

Bupe Kajange, mwalimu mkuu wa shule ile, aliwapokea uwanjani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, na hakuwa ameona tangu utotoni. Alisalimiana na mzee Ambokile, akaligusa Landrova kwenye boneti, akauondoa mkono haraka kwa jinsi lilivyokuwa la moto. Akasema wanafunzi wake hawajawahi kusikia kitu hiki maishani mwao.

Watoto walipangwa katikati ya uwanja, nyuma ya kamba, na walimu wanaoona wakasimama karibu nao. Kila mtoto alitakiwa kunyoosha mkono kuelekea pale anaposikia gari, na kuuzungusha mkono jinsi gari linavyokwenda. Hapakuwa na zaidi ya hapo.

Ambokile alianza kuzunguka. Mikono yote ilinyooka kwa pamoja kabla hajafika kwenye kona ya kwanza, ikageuka naye, ikamfuata uwanja mzima. Aliposimama na kuacha injini ikinguruma, mikono ilibaki imemwelekea. Alipokanyaga mafuta kidogo bila kuondoka, msichana mmoja aliyeitwa Twitike alisema huyo anataka kwenda. Na kweli, akaenda. Watoto walicheka kwa mshangao wa kugundua kwamba gari linaweza kumwambia mtu nia yake. Lakini wawili kati yao walikuwa tayari wameanza kulia kwa sababu ya kelele, na mmoja alikohoa kwa moshi hadi akaondolewa.

Kisha kikaja kigari cha umeme. Kilizunguka uwanja ule ule kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mikono ilinyooka huku na huko, ikasita, ikashuka mmoja mmoja. Twitike alisimama ameelekeza mkono wake jikoni mwa shule, na kigari kikapita nje ya kamba nyuma ya mgongo wake, karibu kiasi kwamba upepo wake ulitikisa sketi yake.

"Kimeshaanza?" aliuliza.

Tusekile alikuwa na tarakimu mbele yake, na tarakimu zilikuwa zile zile alizozitarajia, lakini alijikuta hawezi kuyaondoa macho yake kwenye ule mkono ulioelekea jikoni.

Walimaliza kwa kukipeleka kigari kwenye barabara ya nje, kikaongezwa mwendo. Hapo mikono ikanyooka tena vizuri, karibu kama ilivyokuwa kwa Landrova. Mkurugenzi wa Idara, Bwana Mwaitebele, aliyekuwa amefika na maofisa wa kampuni iitwayo Nyayo, alishangaa. Tusekile alimweleza kwamba gari likikimbia, kinachosikika zaidi ni matairi yanavyosaga lami na upepo unavyolipiga, na hayo hayajali kama ndani kuna moto au betri. Tofauti kubwa iko kwenye mwendo mdogo: gari linapoondoka, linapokata kona kuingia getini, linaporudi nyuma. Huko gari la mafuta linanguruma na la umeme limenyamaza kabisa. Na huko ndiko magari yanakokutana na watu wanaotembea.

Mwaitebele alisema basi dawa imeshapatikana, akawaita watu wa Nyayo. Walikuwa na bangili nyembamba nyeusi, wakamvisha kila mtoto moja, na Bupe pia. Bangili ilikiambia kigari kwamba hapa kuna mtu asiyeona, nacho kikamtupia mtu huyo mwale mwembamba wa sauti, unaomfikia yeye tu. Aliyesimama hatua mbili pembeni yake hasikii kitu. Walijaribu, na mikono ya watoto ikafuata kigari bila kukosea hata mara moja, huku uwanja mzima ukiwa kimya. Kwa mtu anayeona ilikuwa ajabu kubwa, mikono yote ile ikizunguka pamoja, ikifuata kitu kisichosikika.

Tusekile alihisi kifua kikifunguka. Jiji lingebaki na utulivu wake, na watoto wangekuwa salama.

Bupe alivua bangili yake, akaanza kuuliza, bila haraka. Aliuliza mtoto akiisahau bafuni itakuwaje. Akauliza kuhusu mgeni asiyeona aliyeshuka stendi leo, na bibi ambaye macho yamefifia lakini hajakubali kwamba yamefifia, na mtu anayeona vizuri lakini amegeuka kumwita mwanawe. Ofisa wa Nyayo alisema hao wataendelea kutegemea vipimo vya gari lenyewe. Bupe akauliza bangili inajuaje mahali alipo mvaaji wakati wote, na taarifa hizo zinakwenda wapi. Zinahifadhiwa na kampuni, ofisa akasema, kwa usalama wa wateja.

"Kwa hiyo kila ninapokwenda mnajua," alisema Bupe. "Nikienda kanisani, nikienda kwa daktari, nikienda kumtembelea mtu. Mwenye macho hafuatwi hivyo. Yeye anatembea tu."

Mwaitebele aliingilia, akasema kwa adabu kwamba Mwalimu achukue muda wa kufikiri, kwani Baraza lingependa kusikia kwamba shule imekubali.

Walipobaki wawili, Bupe alimuuliza Tusekile kwa nini hataki tu kuyapa magari sauti. Miji mingine ilishafanya hivyo. Tusekile alimweleza kuhusu wodi ya watoto wachanga, na ndege, na usingizi wa watu. Bupe aliinamisha kichwa akisubiri, kama mtu anayejua kwamba bado kuna jambo. Ndipo Tusekile akamwambia kuhusu Lwitiko.

Lwitiko alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Mlipuko wa chini ya ardhi ulimharibia masikio kwa namna ambayo si watu wengi wanaijua. Hakuwa kiziwi. Alisikia kupita kiasi, na kila mlio mkali ulimchoma kama sindano. Kabla jiji halijanyamaza aliishi chumba cha nyuma, madirisha yamezibwa na magodoro. Alitoka nje kwa mara ya kwanza wiki ile ile malori ya mwisho ya dizeli yalipoondolewa, na sasa alikuwa na bustani ya miche ya parachichi, alikwenda sokoni, alikaa kibarazani na watu.

Bupe akasema pole, na akasema kwa kweli hakujua. Lakini hakuichukua bangili.

*

"Mama Ipyana," alisema Lwitiko jioni ile, akivua viatu mlangoni, "barabara yetu mbona haijachimbwa?"

Ndani ya basi la kurudi abiria hawakuzungumza kitu kingine ila Landrova. Tusekile aliweka chakula mezani, akakaa, akamweleza yote, tangu Mwalimu Gwakisa hadi bangili. Alieleza kama alivyozoea kueleza ofisini, kwa mpangilio, na Lwitiko alikula polepole akimwangalia. Walikuwa wamelea mtoto mmoja pamoja, Ipyana, ambaye sasa alisoma mbali, na kwa miaka mingi Tusekile alikuwa amezoea kuizunguka nyumba ile akifunga milango taratibu na kuweka vitambaa chini ya sahani.

"Kwa hiyo wale watoto wavae bangili kwa ajili yangu," alisema Lwitiko.

"Si kwa ajili yako peke yako. Kuna hospitali, kuna watoto wachanga, kuna wazee."

"Nauliza kuhusu mimi."

Tusekile alinyoosha kitambaa chini ya sahani yake.

"Uliniuliza lini?"

Hakuwa amepandisha sauti. Tusekile alitamani angepandisha. Alisema alikuwa anamlinda, na alipolisema neno hilo akasikia jinsi lilivyokuwa halitoshi. Lwitiko alisogeza sahani pembeni. Akamwambia jambo ambalo alikuwa amelisema mara chache sana tangu waoane: kwamba kule chini, baada ya mlipuko, taa zilipozimika, hakuona kitu kwa muda mrefu. Hakujua ukuta uko wapi wala shimo liko wapi. Alipata jiwe, akagonga bomba la maji, akagonga, akagonga, mpaka waokoaji wakasikia na wakamfuata.

"Najua kutoona kulivyo," alisema. "Na najua sauti inavyouma. Mimi ndiye niliye na yote mawili humu ndani, lakini wewe na mkurugenzi wako mnakaa mnaamua."

Tusekile alimuuliza anataka afanye nini. Lwitiko alisema hajui bado. Alitaka kwanza akutane na huyo Mwalimu.

*

Lwitiko alikwenda kesho yake na mkewe, kwa miguu, amejifunga kitambaa kizito masikioni. Tusekile hakujua walichozungumza, yeye na Bupe, kwani walimwacha nje ya ofisi kama mtoto aliyefanya kosa. Walipotoka walikuwa wamekwishakubaliana. Watatafuta sauti. Itakuwa sauti ambayo watoto wataifuata kwa mikono yao na ambayo Lwitiko ataweza kusimama karibu nayo. Ikishindikana, ndipo Bupe atafikiria bangili. Tusekile akabebeshwa kazi ya kuitafuta.

Alianza na mlio mwembamba wa kujirudiarudia, ule ambao miji mingine iliuchagua. Lwitiko aliondoka barazani pa shule ameshika kichwa. Na watoto nao haukuwasaidia sana. Walijua gari lipo, lakini hawakujua liko upande gani. Tusekile aliwaeleza walimu sababu yake: mlio wa noti moja unayafikia masikio yote mawili karibu sawasawa, na akili haipati kitu cha kulinganisha. Sauti yenye mchanganyiko, yenye ukali kidogo na uzito kidogo ndani yake, inalifikia sikio la karibu tofauti na la mbali, na hapo ndipo mtu anapojua ageukie wapi. Injini ya Landrova ilikuwa na mchanganyiko huo. Ubaya wake ni kwamba ilikuja na nguvu ya kuvunja masikio.

Akajaribu muziki laini, watoto wakaupenda lakini wakaanza kuimba badala ya kuonyesha. Akajaribu mvumo wa upepo, ukapotea kwenye upepo wenyewe. Wiki zikapita. Mwaitebele alimpigia simu mara mbili akimkumbusha kwamba Baraza linakaa karibuni, na kwamba yeye, Mwaitebele, anastaafu mwakani na angependa kiti chake kirithiwe na mtu anayejua kumaliza mambo.

Siku moja mvua ya mawe iliangusha majani ya mikaratusi barazani pa shule. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakimsubiri Tusekile aunganishe nyaya zake, na Lwitiko, asiyeweza kukaa bure, alichukua ufagio wa chelewa akaanza kufagia. Alifagia kutoka mwisho mmoja wa baraza hadi mwingine. Tusekile aliinua macho ili amwambie jambo, akaona nyuso za watoto zote zikimfuata. Lwitiko aligeuka kurudi, nazo zikageuka.

Tusekile alichukua kinasa sauti, akakiweka juu ya ukuta.

Si kwamba kazi iliishia hapo. Sauti ya ufagio ilikuwa na mchanganyiko aliouhitaji, na ilikuwa ndogo, lakini kwenye spika ya kigari ilitoka kama kitu kinachochanika, na Lwitiko akakunja uso. Tusekile akaipunguza ukali wa juu. Akaifanya iende haraka kigari kinapoharakisha na ipungue kinapopunguza mwendo, na kigari kikitaka kuondoka, iwe na mkwaruzo mmoja mfupi kabla ya magurudumu kusogea. Akaielekeza mbele na nyuma tu, ikaishia hatua chache kutoka kwenye gari, isipande hadi madirishani. Watoto wakaifuata. Twitike alizungusha mkono wake uwanja mzima bila kusita hata mahali pamoja, na alipomaliza aliomba arudie.

Ilibaki mvua. Chini ya bati, mvua ikinyesha, sauti ilizama kabisa, na hapakuwa na njia ila kuifanya ipande mvua inaponyesha. Tusekile alijaribu kuitafutia njia nyingine kwa siku kadhaa, hadi Lwitiko alipomwambia aache.

"Siku za mvua nitakaa ndani," alisema. "Wengi wanakaa ndani siku za mvua."

*

Baraza lilikutana kwenye ukumbi wa zamani wa ushirika wa chai. Mwaitebele alizungumza kwanza na alizungumza vizuri. Alisema bangili italilinda jiji lilivyo, na akaiweka moja mezani ili madiwani waione ilivyo nzuri. Kisha akamkaribisha mhandisi wake aithibitishe.

Tusekile alisimama. Alisema bangili inafanya kazi kama ilivyoelezwa. Alisema injini za mafuta zisirudi kamwe, kwani zilimwonya kila mtu huku zikimuumiza kila mtu, na vipimo vya uwanjani vilionyesha yote mawili. Lakini alisema pia kwamba ukimya alioupima kwa miaka yote ile alikuwa ameupima kutoka madirishani na vitandani, na hakuwahi kuupima akiwa amesimama barabarani amefumba macho. Gari ndilo linaloleta hatari, akasema, na kwa maoni yake gari ndilo linalopaswa kujitangaza. Akawasikilizisha ile sauti. Ukumbi ulibidi unyamaze kabisa ili isikike.

Diwani mmoja, mwanamke wa kata ya hospitali, alisema watu wake wataona wamenyang'anywa usingizi. Tusekile alimwonyesha umbali ambao sauti inaishia, na akakubali kwamba wanaoishi vyumba vya chini vinavyopakana na barabara wataisikia. Diwani mwingine akauliza, bila ubaya, kama ni kweli kwamba mume wa mhandisi ni mgonjwa wa masikio, na kama ni kweli, atamfanyaje.

Tusekile alisema mumewe amekaa nyuma, na kwamba safari hii ni afadhali aulizwe mwenyewe.

Lwitiko alisimama, akafungua kitambaa chake. Aliwaambia kwamba sauti ile inamuuma kidogo akiwa karibu, na wasidanganywe kwamba haimuumi. Landrova lingemlaza kitandani wiki nzima.

"Lakini mimi ikiniuma naondoka," alisema. "Mwalimu Gwakisa hakupata nafasi ya kuondoka."

Akakaa. Madiwani walijadiliana hadi mchana, wakakatiza ili wale, wakarudi. Mwishowe walikubali kwa tofauti ya kura chache tu kwamba vigari vyote vya mizigo vya kata ya shule na kata ya soko vipewe sauti kwa majaribio, na kwamba bangili aivae anayependa, na kampuni isihifadhi safari za mtu yeyote. Bupe, aliyekaa mstari wa mbele, alimtafuta Tusekile kwa mkono, akamshika bega, akaliminya kwa nguvu.

Juma lililofuata Mwaitebele alimwita Tusekile ofisini, akamwagizia chai, akamwambia kwamba jina lake limeondolewa kwenye wanaofikiriwa kwa kile kiti. Alisema hana kinyongo. Tusekile alirudi mezani kwake, akakaa muda mrefu akiangalia nje, maana alikitaka kiti kile. Halafu akafungua vipimo vya spika vya kigari cha kwanza, akaendelea na kazi.

*

Asubuhi vigari vilipoanza kupita na sauti, Bupe alitoka kupitia geti kubwa. Tangu kifo cha Gwakisa alikuwa akitumia mlango wa nyuma, unaotokea mashambani, na watoto alikuwa akiwavusha kwa kushikana mikono. Tusekile alikuwa hapo na mashine yake, na akamnyooshea mkono. Bupe alisema asante, lakini leo hapana.

Ng'ambo ya barabara, kwenye mgahawa wa chai, Lwitiko alikuwa amekaa kwenye kiti cha nje.

Bupe alisimama ukingoni. Kigari cha mikate kilitoka uani kikirudi nyuma, na ule mkwaruzo mfupi ukasikika kabla hakijasogea. Mwili wote wa Bupe ulikauka. Tusekile aliona vidole vyake vikibana fimbo. Sauti ikaja, ikasogea, na Bupe akaigeuzia uso, akaufuatisha uso wake na kigari kilivyokuwa kinakata kona. Kikasimama kumsubiri. Yeye hakuvuka. Alirudi hatua moja nyuma, akanyoosha fimbo upande wa bondeni, akakionyesha kipite kwanza. Kikapita. Alisikiliza hadi kilipoisha masikioni mwake, akasikiliza na ile barabara tupu iliyobaki, kisha akavuka, mwendo wake wa kawaida, na alipofika upande wa pili alishika nguzo ya mgahawa akavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini.

Lwitiko alikuwa ameziba sikio moja kwa kiganja wakati kigari kinapita. Sasa aliinuka, akakibeba kiti chake na meza yake ndogo, akavisogeza ndani kidogo, mpaka ukutani. Akaketi. Akaonja chai. Akamvutia Bupe kiti cha pili na kumwambia aketi hapo, pana utulivu.

Watoto wakaanza kutoka getini, kila mmoja na fimbo yake. Walisimama, wakasikiliza, wakavuka, wengine kwa kukimbia kidogo mwishoni. Twitike alibaki wa mwisho. Kigari kimoja kikapita, kisha kingine, na bado alikuwa amesimama pale pale, ameinamisha kichwa kama Mwalimu wake. Tusekile aliweka mashine chini, akapiga hatua kumfuata.

"Mwache," alisema Bupe kutoka ng'ambo.

Tusekile akasimama. Ilichukua muda. Barabara ilikuwa tupu, ikaja pikipiki, ikapita, ikawa tupu tena. Kisha Twitike akashusha mguu wake kwenye lami, akatembea moja kwa moja, akakanyaga upande wa pili, akapapasa meza ya kwanza aliyoikuta na kumuuliza Lwitiko kama kuna maandazi yaliyobaki.